Kitufe cha mkasi kwenye cherehani: lini ukibonyeze, lini ukiache, unaposhona mfarishi

Maswali ni yale yale kila wiki. "Mwalimu, nikikata kwa mkasi wa mashine, nikianza tena inanifanyia fundo chini." "Uzi unachomoka kwenye sindano kila mara." "Mbona mgongo wa mfarishi wangu umeota ndevu?" Nimejibu ana kwa ana, nimejibu kwa sauti za WhatsApp huku mkono mmoja unakata kitenge, sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Naongea na wewe uliyenunua cherehani ya umeme yenye vitufe karibu na sindano, na kimojawapo kina picha ya mkasi. Kama yako ni ile nyeusi ya kukanyaga, kifaa hiki huna na wala hakikupunguzii kitu. Nenda moja kwa moja kwenye maelezo ya kuficha nyuzi, baada ya hatua ya 18. Na kama uko karakana yenye mashine ya kiwandani ya kukata uzi, huko hakuna kitufe: unakanyaga pedali kinyumenyume kwa kisigino. Mengine yote hapa yanakuhusu.

Kwa mfarishi nina maana lile blanketi la tabaka tatu: uso wa vipande vilivyounganishwa, pamba katikati, kitambaa cha mgongo chini, vyote vikashikwa pamoja kwa mishono. Hapa Kampala wengi wanaliita kwilti. Sawa tu.

Swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza

Ncha hii ya uzi itafunikwa na nini?

Kama mshono mwingine utapita juu yake, au ukingo wake utakatwa na kutupwa, bonyeza bila wasiwasi. Kama ncha itabaki wazi katikati ya mfarishi, toa mkono kwenye kitufe, chukua mkasi wa mkononi. Mengine yote ninayoandika yanatoka hapo.

Nilijifunza kwa aibu. Mfarishi wangu wa kwanza wenye pamba ndani ulikuwa wa mtoto wa dada yangu. Nilichora maua katikati ya kila mraba, na kila ua likiisha nabonyeza mkasi, najiona fundi wa kisasa. Ulipendeza. Ulipofuliwa mara ya pili, nyuzi zikaanza kuchungulia kila mahali, vindevu vya sentimita moja moja, vifupi mno kufungwa fundo, vifupi hata kuingia kwenye tundu la sindano ya mkono. Mtoto akagundua kwamba ukivuta kimoja, ua zima linafumuka. Dada hakusema kitu. Alinirudishia tu ukiwa kwenye mfuko.

Kinachotokea chini ya sindano

Kwa kifupi. Chini ya bamba la chuma, karibu na bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), kuna kisu kidogo chenye ndoana. Ukibonyeza, sindano inapanda, kisu kinatoka kama ulimi wa kinyonga, kinanasa uzi wa juu na wa chini pamoja, kinazirudisha kwenye ukingo mkali, tik, zimekatika. Ndiyo maana ncha zinazobaki ni fupi: kisu kiko karibu kabisa na kitambaa. Ufupi huo ni raha unapounganisha vipande na ni balaa unapotaka kufunga fundo.

Andaa hivi kwanza

- Cherehani yenyewe, na kitabu chake kama kipo. Ukiipata mtumba, hakikisha volti kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni volti 240. Mashine za Japani ni 100 na za Marekani ni 120. Bila transfoma utasikia harufu kabla hujaona moshi. Ninaye mwanafunzi aliyechomeka kwanza akasoma kibandiko cha nyuma baadaye.
- Sindano mpya. Namba 75/11 au 80/12 kwa kuunganisha vipande, 90/14 kwa kupita kwenye tabaka tatu.
- Uzi wa kawaida. Pamba namba 50 ni mzuri. Polyester ya 40/2 ambayo mafundi wengi wananunua Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa hapa Kampala, inakatika bila taabu. Kumbuka namba ikiwa ndogo uzi ni mnene: 30 ni mnene kuliko 50.
- Vipande vya mabaki, viwili au vitatu, ukubwa wa kiganja. Usivitupe. Vitakuokoa.
- Mkasi mdogo wa ncha kali, kibano, brashi ndogo ya kusafishia, na bisibisi ya bamba.
- Sindano ya mkono yenye tundu kubwa.
- Vikwasi vya kushikilia tabaka.

Kuhusu vitambaa: kitenge cha pamba na mashati ya pamba ya mivumba, yaani mitumba, kutoka soko la Owino vinashoneka vizuri. Mabaki ya kuteleza ya gomesi, lile gauni la akina mama wa Uganda, yaache kwanza. Ni kazi ya mtu aliyezoea.

Sehemu ya kwanza: kuunganisha vipande

Hapa ndipo kitufe kinapolipa gharama yake.

1. Inua mguu wa cherehani, ndipo upitishe uzi wa juu. Mguu ukiwa chini, sahani za kubana uzi zimefumba, uzi unakaa juu juu badala ya kuingia katikati. Nusu ya mafundo ninayoletewa yanaanzia hapa, na mkasi unasingiziwa.

2. Weka bobini, pitisha uzi wake kwenye mkato mpaka uhisi umekwama kidogo. Kwenye mashine za bobini ya kudondosha juu, wengi wanaiweka ikizunguka kinyume. Fuata mshale uliochorwa.

3. Anzia kwenye kipande cha mabaki. Kiweke chini ya mguu, shona hadi mwisho wake, usikate. Sogeza vipande vyako halisi viingie nyuma yake. Kama kuna fundo la mwanzo, litabaki kwenye takataka.

4. Shona vipande vyako kwa mfululizo: jozi ya kwanza ikiisha, shona mishono miwili au mitatu hewani, ingiza jozi ya pili, kisha ya tatu. Vitatoka vimeshikana kama shanga, na mkasi utautumia mara moja badala ya mara ishirini. Najua ulinunua mashine kwa ajili ya kile kitufe. Hata hivyo.

5. Mwisho wa mfululizo, toa mguu wako kwenye pedali kabisa. Subiri mashine isimame. Kitambaa kiwe bado chini ya mguu wa cherehani, na mguu uwe umeshuka.

6. Bonyeza kitufe mara moja. Utasikia mlio mfupi. Usiguse kitu mpaka mlio uishe na sindano iwe juu.

7. Inua mguu, vuta kitambaa kuelekea nyuma au kushoto. Usikinyanyue moja kwa moja juu. Ukifanya hivyo unapinda sindano, na uzi uliokatika nusu unanasa kwenye ndoana.

8. Angalia ncha ya uzi wa juu. Inatakiwa ining'inie kutoka kwenye tundu la sindano, sentimita chache. Ikiwa imebaki kidogo sana, ivute kabla hujaanza tena.

Huna haja ya kurudi nyuma kufunga mshono hapa, kwa sababu mshono unaofuata utaukatiza na kuushika. Kama mashine yako imewekewa kufunga mshono yenyewe kabla ya kukata, zima hiyo. Vile vifundo vidogo vikikutana kwenye kona nne za mraba, pasi hailalishi kitu.

Onyo, na hili nalisema kwa herufi za kawaida ila kwa sauti kubwa

Usibonyeze mkasi bila kitambaa. Usibonyeze mara mbili kwa sababu hukusikia mlio. Uzi ukiwa umeshakatwa, kisu kinaenda kuwinda kisichopo na kinarudi na uzi uliosokotana, na sindano inaweza kuvunjika. Mimi yangu ilivunjika hivyo, nusu yake ikaruka hadi kwenye kikombe cha chai. Tangu siku hiyo navaa miwani na chai naiweka dirishani.

Usitumie mkasi wa mashine kwa uzi mnene wa namba 30 kushuka chini, uzi wa nailoni unaofanana na wa kuvulia samaki, wala uzi wa kung'aa wenye metali. Kwa hizo, tumia kile kikato kilichopo ubavuni mwa mashine, au mkasi wa mkono.

Sehemu ya pili: mistari inayotoka ukingo hadi ukingo

Huu ndio mshono ninaowashauri wanaoanza, na mkasi unaruhusiwa.

9. Kata pamba na mgongo vikubwa kuliko uso, sentimita 5 hadi 8 kila upande. Watu wanabania hapa kwa sababu pamba si rahisi, halafu wanajuta.

10. Tandaza mgongo sakafuni, upande mzuri ukiangalia chini, uunyooshe bila kuuvuta. Weka pamba, kisha uso. Funga vikwasi, upana wa kiganja kati ya kimoja na kingine.

11. Funga mguu wa kutembea kama unao. Unasukuma kitambaa cha juu sawa na cha chini. Ongeza urefu wa mshono uwe kama milimita 3.

12. Anzia nje ya uso, juu ya ile pamba ya ziada. Shika ncha ya uzi wa juu kwa vidole kwa mishono mitatu ya mwanzo, kisha achia. Kitendo hiki kidogo ndicho kinachozuia kile kiota cha nyuzi upande wa chini. Ncha fupi isiyoshikwa inavutwa chini na ndoana inayozunguka, na hapo kiota kinaanza.

13. Vuka uso wote, maliza kwenye pamba ya ziada upande wa pili. Simama. Bonyeza mkasi. Ncha hizo zitakatwa pamoja na ukingo siku ya kutia pindo, hakuna anayezijali.

14. Mfarishi ukiwa mkubwa, ushikilie uzito wake kabla ya kubonyeza. Ukining'inia upande mmoja wa meza unavuta uzi, na kisu kinakosa mmojawapo. Mimi nasogeza kiti upande wa kushoto, mfarishi unalala hapo kama mgonjwa.

Sehemu ya tatu: kushona katikati, au kushona huru

Hapa umeshusha meno ya mashine, yale yanayosogeza kitambaa, unausukuma mfarishi mwenyewe kwa mikono, unachora majani, mawimbi, chochote. Ncha zinaanza na kuishia katikati. Kitufe cha mkasi kisahau.

15. Vuta uzi wa juu ubaki kama sentimita 15. Uzi wa chini pia: kama mara ya mwisho ulikata kwa mashine, ule wa bobini ni mfupi, fungua kifuniko uuvute kwa mkono.

16. Shusha mguu pale unapotaka kuanza. Shika uzi wa juu kwa mkono wa kushoto, zungusha gurudumu kuelekea kwako mpaka sindano ishuke na kupanda mara moja. Vuta uzi wa juu taratibu. Kitanzi cha uzi wa chini kitachomoza juu ya kitambaa. Kitoe chote kwa ncha ya mkasi au kibano. Sasa nyuzi zote mbili ziko juu, unaziona, haziwezi kujisokota gizani.

17. Zishike zote mbili nyuma ya mguu, anza kushona. Baada ya mishono michache achia, lakini zisogeze kando zisishonewe.

18. Mwisho wa mchoro, simamisha sindano juu, inua mguu, vuta mfarishi pembeni mpaka nyuzi ziwe na sentimita 15, kata kwa mkasi wa mkono.

Kisha unazificha. Geuza mgongo. Vuta uzi wa chini kidogo, utaona kitanzi cha uzi wa juu kinachungulia. Kinase, kitoe upande huo. Funga fundo karibu na kitambaa, si juu yake kabisa. Pitisha nyuzi zote mbili kwenye sindano ya mkono, ingiza pale pale zilipotokea, ipite ndani ya pamba kama sentimita 3 bila kutoboa uso, itoe, vuta mpaka usikie fundo dogo linazama, tup. Kata uzi usawa wa kitambaa. Ncha iliyobaki inarudi ndani yenyewe.

Inachosha? Ndiyo. Kwa hiyo usiache zote mpaka mwisho. Mimi naficha kila ninapobadilisha bobini. Mwenzangu mmoja anaacha zote hadi Jumapili jioni, anaziita adhabu.

Kama mfarishi ni wa mbwa au wa kufunika kiti cha gari, fanya mishono mitano midogo sana mahali pamoja, kata, endelea na maisha. Wa kuuza usifanye hivyo.

Kuhusu lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba: wateja wanapenda kuona kipande chake katikati ya vitenge, na kweli linapendeza. Lakini linapukutisha vinyuzi vingi kila sindano inapopita. Ninaposhona lubugo situmii mkasi wa mashine hata kwenye ukingo, na nikimaliza nasafisha kabla ya kuanza kingine.

Usafi wa kisu

Pamba ya katikati inatoa vumbi, na vumbi hilo linapenda kukaa pale pale kisu kinapopita. Baada ya kila bobini mbili au tatu za kushona mfarishi, fanya hivi: zima mashine, chomoa waya ukutani, toa sindano na mguu, fungua bamba la chuma kwa bisibisi, toa nyumba ya bobini. Fagia kwa brashi, toa mabonge kwa kibano. Utakuta kitu kama blanketi dogo la kijivu limejikunja kandokando ya kisu.

Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na unalisukuma vumbi ndani zaidi. Wala usiipeleke kwa fundi wa matairi akupulizie kwa upepo wa kompresa. Nimeshaona, mashine ilitoka safi nje na imejaa ndani. Mafuta tia pale tu kitabu kinaposema. Mafuta yakikutana na vumbi la pamba karibu na kisu yanageuka uji.

Ukipata shida

*Uzi unachomoka kwenye sindano ukianza tena.* Ule mkono wa chuma unaovuta uzi haukuwa juu kabisa, kwa hiyo mshono wa kwanza unameza ncha fupi. Zungusha gurudumu kuelekea kwako mpaka mkono ufike juu, vuta uzi kidogo, ndipo uanze. Ikijirudia kila mara, tazama kama uzi umekwama kwenye mkato wa kile kijiti ulichozungushiwa.

*Kiota cha nyuzi chini mwanzoni mwa mshono.* Rudi hatua ya 12, au anza na kipande cha mabaki. Kama kiota kinaendelea katikati ya mshono, si kosa la mkasi. Pitisha upya uzi wa juu, mguu ukiwa umeinuliwa.

*Uzi mmoja umekatika, mwingine haujakatika.* Usivute. Inua mguu, ingiza mkasi mdogo chini, kata. Kisha safisha kisu, angalia bobini imekaa vizuri, jaribu kwenye mabaki ya tabaka mbili. Bado? Angalia unene wa uzi. Bado tena? Kisu kimechakaa au kimesogea, hiyo ni kazi ya fundi wa mashine. Usijaribu kukinoa kwa tupa.

*Ncha ya chini ni ndefu kuliko ya juu, au kinyume.* Tofauti ndogo ni kawaida. Punguza kwa mkasi, usianze kugeuza skrubu ya bobini kwa ajili ya hilo.

*Mashine inapiga kelele na kitambaa kimenasa.* Zima. Kata nyuzi za juu. Toa mguu na sindano ikiwezekana, fungua bamba, ondoa nyuzi zilizosokotana moja moja kwa kibano. Ukivuta kitambaa kwa nguvu unaweza kupinda kisu, na hapo fundi atakuambia bei ambayo hutaipenda.

*Umeme umezimika katikati ya kukata.* Hili letu. Kisu kinaweza kubaki kimetoka nje kikiwa kimeshika uzi. Zima swichi, chomoa waya, maana umeme ukirudi kwa kishindo hutaki mashine iwe imewashwa. Usilazimishe gurudumu wala usivute mfarishi. Uache ulivyo, uufunike na shuka ili vumbi lisiingie, ukapike. Umeme ukirudi na kutulia dakika chache, washa bila kugusa pedali, tazama sindano inapanda. Isipopanda, zima tena, fungua bamba na ukate nyuzi kwa mkono.

*Kitufe hakifanyi kitu kabisa.* Angalia kama mguu umeshuka. Mara tisa kati ya kumi ninapoitwa kwa simu kwa jambo hili, mguu uko juu na mteja yuko tayari kulia.